Kupima fosfodiesterasi kwenye ubongo wa ng'ombe: mwongozo kamili kwa maabara ya kawaida ya Mwanza

Adrenalini ikigusa seli ya moyo, ndani ya seli hiyo hutengenezwa AMP ya duara, kwa kifupi cAMP, na moyo unaongeza kasi. Amri hiyo lazima ifutwe, la sivyo moyo usingetulia tena. Wafutaji ni fosfodiesterasi, kwa kifupi PDE: vimeng'enya vinavyokata kifungo kimoja cha fosfeti kwenye cAMP, au kwenye nduguye cGMP, na kuacha molekuli ya kawaida isiyobeba amri yoyote.

Binadamu ana jeni 21 za vimeng'enya hivi, zilizopangwa katika familia 11. PDE4, 7 na 8 hukata cAMP peke yake. PDE5, 6 na 9 hushughulika na cGMP tu. Zilizobaki hukata zote mbili. Dawa unazozijua zimelenga familia moja moja: sildenafili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huzuia PDE5, na kwa kuwa inaigusa kidogo na PDE6 ya kwenye retina, baadhi ya wanaoimeza huona vitu vikiwa na ubluu. Kafeini ya kahawa ya Bukoba nayo huzuia fosfodiesterasi, lakini kwa kiasi kikubwa kuliko kile kinachofika kwenye damu ya mnywaji. Kikombe chako cha asubuhi kinakuamsha hasa kwa kuziba vipokezi vya adenosini, kemikali ya mwilini inayoleta usingizi. Wanafunzi wengi hukariri kinyume chake.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa shahada au fundi wa maabara mwenye spektrofotomita, sentrifyuji na bafu la maji, asiye na kibali wala kifaa cha kazi za mionzi.

Mantiki ya njia yenyewe

Njia hii ina umri mkubwa. Watafiti Butcher na Sutherland walitumia msingi wake mwaka 1962 walipokuwa wakisafisha kimeng'enya hiki kutoka kwenye moyo wa ng'ombe, na Sutherland akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971 kwa kazi yake juu ya namna homoni zinavyofanya kazi. Fosfodiesterasi inageuza cAMP kuwa AMP. Kimeng'enya cha pili, nukleotidasi inayopatikana kwenye sumu ya nyoka, kinaing'oa fosfeti kwenye AMP hiyo. Fosfeti iliyo huru inakutana na molibdeti na rangi ya malakaiti grini, na mrija unageuka kutoka manjano kuwa kijani. Kadiri ukijani unavyokolea, ndivyo cAMP nyingi zaidi ilivyokatwa.

Kwenye karatasi ni rahisi. Shida ni kwamba fosfeti iko kila mahali: kwenye sabuni, kwenye maji, kwenye nyama yenyewe. Mrija wa kijani haujathibitisha kitu. Kinachothibitisha ni tofauti kati ya mrija huo na mirija mingine kadhaa iliyowekwa pembeni yake, na ndiyo maana sehemu ndefu ya mwongozo huu inahusu mirija hiyo ya kulinganishia.

Hatua ya kwanza: vyombo

Usioshe chombo chochote cha kazi hii kwa sabuni ya unga. Baadhi zina fosfeti, nayo hung'ang'ania kioo hata baada ya suuza tano. Loweka vyombo vya kioo usiku kucha kwenye asidi hidrokloriki ya asilimia 10, kisha suuza mara kadhaa kwa maji yaliyokenekwa. Ukiweza, tumia mirija mipya ya plastiki, itumie mara moja na kuitupa.

Kabla ya kwenda mbali, weka mikrolita 50 za maji yako yaliyokenekwa kwenye rangi. Yakitoa ukijani unaoonekana kwa macho, acha kila kitu utafute maji mengine. Mashine za kukeneka ambazo hazijasafishwa muda mrefu huzua balaa hili mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya pili: ubongo

Ubongo una fosfodiesterasi nyingi kuliko karibu tishu zote, ndiyo maana ninaupendekeza kwa anayeanza. Sehemu kubwa ya ile inayoyeyuka kwenye maji ni PDE1, inayoamshwa na kalsiamu ikishirikiana na protini iitwayo kalmodulini. Sifa hiyo itatusaidia baadaye kujua kama tulichopima ni chenyewe.

Nenda machinjioni alfajiri, na uelewane na mchinjaji siku moja kabla. Kwa kawaida kichwa kinakwenda kwa wauza supu na hakipasuliwi hadi baadaye, kwa hiyo bila miadi utapewa ubongo uliokaa saa tatu kwenye joto. Salamu ya "Mwangaluka, baba" na maelezo mafupi yanatosha. Atakachotaka kujua ni kama utalipia kichwa kizima au ubongo tu. Chukua kwa mnyama aliyekaguliwa na daktari wa mifugo, na vaa glavu, maana kimeta na bruselosi havina habari kwamba wewe ni mtafiti.

Barafu si tatizo katika mji wa sangara. Pale Mwaloni Kirumba na maeneo mengine ya biashara ya samaki utaipata kwa ndoo. Ila hiyo ni barafu ya kupozea samaki: ina fosfeti na bakteria. Tia ubongo kwenye mfuko mzito uliofungwa vizuri, kisha mfuko ndani ya barafu. Isigusane kamwe na tishu, na maji yake yasidondokee mirija.

Ukitaka kutumia ubongo wa sato au sangara, njia ni hiyo hiyo, ila pima kwenye nyuzi 25, karibu na joto la ziwa lenyewe, badala ya 30.

Hatua ya tatu: kusaga

Ondoa utando na mishipa ya damu, kisha kata gramu 2 za sehemu ya kijivu ya juu. Saga kwenye mililita 18 za bafa baridi: Tris milimola 50 ya pH 7.5, sukrosi milimola 250, magnesiamu kloridi milimola 2, na EGTA, kemikali inayonasa kalsiamu, milimola 1. Rekebisha pH bafa ikiwa baridi, kwa sababu pH ya Tris hupanda inapopoa. PMSF, kizuizi cha vimeng'enya vinavyokula protini, iongeze dakika ya mwisho, maana kwenye maji inaharibika haraka. Kisagio cha kioo chenye mchi wa teflon ndicho bora, mizunguko kumi taratibu huku kikiwa kimezama kwenye barafu. Blenda ya jikoni hutoa povu na joto, na vyote viwili huharibu protini.

EGTA iko hapo kwa sababu maalumu. Ndani ya ubongo kuna vimeng'enya vinavyokula protini, na baadhi yake huamshwa na kalsiamu. Vikipata nafasi huinyofoa ile sehemu ya PDE1 inayosikiliza kalsiamu, na kimeng'enya kilichonyofolewa hakilali tena: kinakata cAMP wakati wote, kalsiamu iwepo isiwepo. Kwenye kipimo utaona kazi nyingi na utafurahi bure.

Chuja kwa tabaka mbili za shashi, kisha zungusha kwa nguvu ya 10,000 g kwa dakika 20 kwenye nyuzi 4. Usiandike mizunguko kwa dakika peke yake kwenye daftari. Haimsaidii mwenye mashine nyingine. Kokotoa: g ni sawa na 0.00001118, mara urefu wa mkono wa rota kwa sentimita, mara mizunguko kwa dakika iliyozidishwa yenyewe. Kwa rota ya sentimita 8, nguvu ya 10,000 g ni kama mizunguko 10,600. Kama sentrifyuji haina ubaridi, laza rota kwenye friji usiku kucha na ugawanye muda vipande vya dakika tano tano, mirija ikirudi kwenye barafu katikati. Kimiminika cha juu ndicho unachokitaka.

Hatua ya nne: kuondoa fosfeti ya nyama

Hatua hii ndiyo wengi huiruka, halafu wanalalamika kuwa mirija yote imekuwa kijani. Tishu ina fosfeti ya kiwango cha milimola, wakati rangi yetu inahesabu mikromola. Huwezi kupima mchango wa vimeng'enya juu ya mlima huo.

Mimina kimiminika kwenye neli ya dayalisisi inayozuia molekuli za kuanzia kilodaltoni 12 hadi 14, uifunge, na uizamishe kwenye lita moja ya Tris milimola 20 ya pH 7.5 yenye magnesiamu kloridi milimola 2, bila EGTA. Weka kwenye friji, badilisha bafa mara mbili, iache ilale. Kalmodulini ina kilodaltoni 16.7, kwa hiyo haitoroki. Usiku umeme ukikatika, friji iliyofungwa yenye chupa za barafu ndani itavumilia hadi asubuhi, usiifungue kuchungulia. Mwenye haraka atumie kolamu ndogo ya Sephadex G-25, ambayo humaliza kazi ndani ya nusu saa.

Pima protini kwa njia ya Bradford kwenye nanomita 595, kisha punguza makali hadi miligramu 2 kwa mililita. Gawanya kwenye mirija midogo, ongeza gliseroli ya asilimia 20 kwenye ile ya akiba, na uigandishe. Mrija ukishayeyushwa usiugandishe tena.

Hatua ya tano: mmenyuko

Ujazo wa kila mrija ni mikrolita 100: bafa 70, dondoo la ubongo 10 lenye mikrogramu 20 za protini, na cAMP ya milimola 1 mikrolita 20, hivyo mwanzo una mikromola 200. Bafa iwe na Tris, magnesiamu kloridi na kalsiamu kloridi kiasi kwamba mwishoni zinakuwa milimola 50, 5 na 0.2 kwa mfuatano huo.

Mrija kamili tuuite A. Sasa wenzake.

B hauna dondoo, una bafa badala yake. Unaonyesha fosfeti inayoletwa na cAMP yenyewe, ambayo ikikaa vibaya huwa na AMP ndani, pamoja na kile ambacho sumu ya nyoka inakikata bila kuombwa. Sumu ghafi ina fosfodiesterasi yake ya aina nyingine, inayotafuna DNA na RNA kuanzia nchani, kwa hiyo nunua nukleotidasi iliyosafishwa. Na tafadhali, mtu asikudanganye kwamba swila wa vichakani ni njia ya mkato.

C hauna cAMP. Unaonyesha fosfeti iliyobaki kwenye dondoo na ile inayong'olewa na fosfatasi za ubongo kwenye molekuli nyingine.

D hauna cAMP wala dondoo: bafa na nukleotidasi tu.

E ni kama A lakini una IBMX mikromola 500, kizuizi kinachozigusa karibu familia zote isipokuwa PDE8 na PDE9. IBMX huyeyushwa kwenye DMSO, basi tengeneza A mwingine wenye DMSO kiasi kile kile, isiyozidi asilimia 1, uwe ndio wa kulinganisha.

F una EGTA milimola 2 mahali pa kalsiamu.

G una AMP mikromola 20 badala ya cAMP, pamoja na dondoo. Huu unapima uaminifu wa kimeng'enya cha pili. Ukiondoa fosfeti ya C, unatakiwa kupata karibu AMP yote ikiwa imegeuzwa. Ukipata nusu, nukleotidasi yako imechoka na namba zote za siku hiyo ni pungufu.

Kila mrija uwe na pacha wawili. Pasha moto dakika 5 kwenye bafu la nyuzi 30, anzisha kwa kutia cAMP mrija mmoja baada ya mwingine kila baada ya sekunde 15, na baada ya dakika 10 simamisha kwa mpangilio ule ule: funga kizibo, zamisha kwenye maji yanayochemka kwa dakika 2, kisha barafu. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96. Zinatosha kuua kimeng'enya, lakini usipunguze muda.

Mirija ikipoa, zungusha sekunde chache, ongeza mikrolita 20 za nukleotidasi kwa kila mmoja, rudisha kwenye nyuzi 30 kwa dakika 10.

Hatua ya sita: rangi

Changanya sehemu tatu za malakaiti grini ya asilimia 0.045 na sehemu moja ya amoniamu molibdeti ya asilimia 4.2 iliyoyeyushwa kwenye asidi hidrokloriki ya nomali 4. Koroga dakika 20, chuja. Ikiwa nzuri ni ya dhahabu. Ikiwa ya kijani kabla hujaweka kitu, chombo chako kilikuwa na fosfeti. Mwaga na urudi hatua ya kwanza.

Chukua mikrolita 50 kutoka kila mrija, tia kwenye mikrolita 800 za rangi, hesabu dakika moja, kisha tia mikrolita 100 za sitreti ya sodiamu asilimia 34. Sitreti inazuia asidi isiendelee kung'oa fosfeti kwenye molekuli dhaifu. Muda wa dakika hiyo uwe sawa kwa mirija yote. Soma kwenye nanomita 660.

Siku hiyo hiyo, kwa rangi hiyo hiyo, soma na mstari wa viwango: KH2PO4, chumvi yenye fosfeti, ya mikromola 0, 5, 10, 20, 30 na 40. Usitumie mstari wa wiki iliyopita.

Mabaki yasimwagwe kwenye sinki. Malakaiti grini iliwahi kutumiwa na wafugaji wa samaki kuua ukungu, na leo imepigwa marufuku kwa samaki wa kuliwa katika Umoja wa Ulaya na Marekani kwa sababu ya sumu yake. Kusanya kwenye dumu lenye lebo, likabidhiwe pamoja na taka nyingine za kemikali.

Hatua ya saba: hesabu

Tuseme umesoma A mikromola 27, C mikromola 6, B mikromola 3 na D mikromola 1. Wengi watatoa C na B kutoka kwa A na kupata 18. Lakini nukleotidasi iko ndani ya B na ndani ya C, kwa hiyo mchango wake umetolewa mara mbili; rudisha D mara moja. Jibu ni 27 kutoa 6, kutoa 3, kuongeza 1, yaani 19.

Mikromola 19 kwenye mikrolita 120 ni nanomoli 2.28. Gawanya kwa dakika 10, kisha kwa miligramu 0.02 za protini: nanomoli 11.4 kwa dakika kwa miligramu. Namba hizi ni za mfano wa kuhesabia, si kiwango cha kulinganisha nacho.

Kisha jiulize ni sehemu gani ya cAMP imeliwa. Ulianza na nanomoli 20, zimekwenda 2.28, sawa na asilimia 11. Ukizidi asilimia 15 cAMP inaanza kupungua kiasi cha kupunguza kasi yenyewe, na unachopima si kasi ya mwanzo tena. Ndiyo maana siku ya kwanza kabisa ni ya kutafuta uwiano tu: jaribu mikrogramu 5, 10, 20 na 40 za protini, kwa dakika 5, 10 na 20. Protini ikiongezwa maradufu bila kazi kuongezeka maradufu, rudi kwenye kiasi kidogo.

Tazama E na F. E ishuke sana. Ikibaki juu, fosfeti yako inatoka kwingine. F ikishuka waziwazi chini ya A, PDE1 yako ni nzima. F ikilingana na A, rejea habari ya vimeng'enya vinavyonyofoa: ubongo ulichelewa njiani.

Familia nyingine, na mipaka ya njia hii

Rolipramu huzuia PDE4, milrinoni PDE3, EHNA huzuia PDE2, na sildenafili PDE5 ukiwa umetumia cGMP badala ya cAMP. Vizuizi kama rolipramu na milrinoni vinashindana na cAMP kwenye mlango mmoja. Kimeng'enya chenye Km (kiwango cha cAMP kinachokipa nusu ya kasi yake ya juu) ya mikromola 2, ukikipa cAMP ya mikromola 200, kitahitaji kizuizi mara 101 ya Ki (kipimo cha jinsi kizuizi kinavyokishika kimeng'enya) ili kasi ipungue nusu, kwa sababu IC50, yaani kiasi cha kizuizi kinachopunguza kasi nusu, ni Ki mara moja-jumlisha-S-kwa-Km, S ikiwa ni kiwango cha cAMP. Kwa hiyo rolipramu ikionekana haina nguvu kwenye kipimo hiki, usiandike kwamba tishu haina PDE4. Kwa familia zenye Km ndogo unahitaji cAMP ya mikromola 1, na hapo ukijani hauonekani. Ndipo njia ya mionzi ya Thompson na Appleman ya mwaka 1971, au vifaa vya kisasa vya mwangaza, vinapostahili gharama yake.

Na kupima cAMP ndani ya seli si kupima fosfodiesterasi. Kiwango kikipanda, huenda ufutaji umepungua, huenda utengenezaji umeongezeka.

Ukitaka kupima mitishamba

Swali hili huja kila msimu wa tafiti: mmea fulani unaosifiwa kwa nguvu za kiume, je, unazuia PDE5? Ni swali halali. Mimea, hata hivyo, ina fosfeti nyingi, na ina tanini zinazogandisha protini yoyote zinayokutana nayo. Ya kwanza inaongeza ukijani, ya pili inaupunguza, na kati yao unaweza kupata jibu lolote unalolitamani.

Kumbuka kwanza kwamba ubongo wenye PDE1 si chanzo cha kupimia PDE5. Tumia tishu ya mapafu na cGMP. Kisha weka mrija wa mmea bila cGMP, ili ujue fosfeti yake. Weka mrija wa G wenye GMP na mmea: ukijani ukishuka hapo, mmea umeikaba nukleotidasi, haujagusa fosfodiesterasi. Rudia kipimo ukiongeza albumini au ukiwa umepitisha dondoo kwenye polivinilipolipirolidoni, inayonasa tanini. Uzuiaji ukiyeyuka, zilikuwa tanini.

Ukibaki imara baada ya hayo yote, na hasa kama sampuli ni unga wa dukani na si majani uliyoyachuma mwenyewe, ipeleke kwenye kromatografia kabla ya kuandika chochote. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuta sildenafili ya kiwandani imechanganywa kimyakimya ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba, na anayeimeza bila kujua huku akitumia naitreti za moyo anaweza kushuka presha hadi kufa.